Ng'ombe Hawamo: Mchezo wa Mnyororo wa Chakula Uliochezwa Mkula

Mwezi Julai nilikuwa Mkula, mkoani Simiyu, kwa shughuli ya kifamilia iliyoniachia asubuhi mbili bila kazi. Mpwa wangu anafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi ya kata hiyo. Jioni moja aliniambia, "Mjomba, kesho njoo uone namna tunavyosoma sayansi." Nilikwenda nikitarajia ubao, chaki na mishale mitatu: majani, swala, simba. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa.

Ubao haukutumika. Watoto wapatao sitini walitolewa uwanjani, na mwalimu akamwaga chini vizibo vya soda mia tano alivyokuwa amevikusanya kwa miezi kadhaa kutoka vilabuni na madukani. Vizibo hivyo vilikuwa majani. Watoto ishirini wakawa nyumbu, sita wakawa simba, na waliobaki wakashikana mikono kuwa mpaka wa mbuga huku wakisubiri zamu yao. Sheria ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kali: kila nyumbu akifikisha vizibo kumi, tisa anavirudisha katika ndoo ya mwalimu na kimoja anakitia mfukoni. Vile tisa ni nguvu iliyokwisha kutumika katika kukimbia, kupumua na kuutunza mwili joto, pamoja na kile kinachotoka kama kinyesi. Simba akimgusa nyumbu, anachukua vya mfukoni, naye pia anabanwa na sheria ile ile.

Filimbi ikalia. Sitaeleza vumbi na kelele. Aliyepata kuwa mtoto anavijua. Baada ya robo saa mwalimu aliwakusanya wahesabu. Nyumbu wote kwa pamoja walikuwa wamebakiwa na vizibo arobaini na saba. Simba walikuwa wamewanyang'anya nyumbu ishirini na vitatu, na baada ya kurudisha sehemu ya ndoo wakabaki na viwili. Simba sita, vizibo viwili. Kijana mmoja aliyekuwa simba, jasho likimtiririka, alivitazama akasema, "Mwalimu, sisi tuko wengi mno." Nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha chuo sijapata kumsikia mwanafunzi akilifikia jibu kwa njia safi namna hiyo. Hakuwa ameambiwa kwa nini simba ni wachache kuliko nyumbu. Alikuwa ameshinda na njaa yao kwa robo saa.

Hapo ndipo binti mmoja mwembamba, aliyekuwa kwenye mpaka wa mbuga, aliponyoosha mkono. "Mwalimu, na ng'ombe wetu wako upande gani?"

Mpwa wangu alisita kidogo. "Ng'ombe hawamo," akajibu. "Huu ni mnyororo wa hifadhini."

Binti akashusha mkono. Mimi nikalichukua jibu hilo nikaondoka nalo, na makala haya yametoka humo.

Kwanza niseme picha hii ya mnyororo imetoka wapi, maana wengi hudhani ni jambo la tangu na tangu. Wazo lenyewe ni la kale. Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 9 ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa na asili ya Kiafrika upande wa babu yake, aliandika katika Kitabu cha Wanyama jinsi kila kiumbe kinavyowinda kilicho dhaifu kuliko chenyewe na jinsi nacho kinavyowindwa. Lakini mnyororo kama chombo cha sayansi, pamoja na ile piramidi yenye majani mengi chini na wala nyama wachache juu, uliwekwa wazi na Mwingereza Charles Elton katika kitabu chake cha mwaka 1927. Mwaka 1942 Mmarekani kijana, Raymond Lindeman, aliyekuwa akichunguza ziwa dogo huko Minnesota, akaonyesha kwamba kinachopita katika mnyororo ni nguvu, na kwamba sehemu kubwa hupotea katika kila hatua. Lindeman alifariki mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 26. Vizibo tisa kwa kila kumi, vile vilivyokuwa vikilia ndani ya ndoo pale Mkula, ni mtoto wa mbali wa makala yake, ingawa katika mazingira halisi hesabu haiwi nadhifu kiasi hicho.

Kuuchezesha mnyororo huo nako kuna historia yake. Katika miaka ya 1970 walimu wa mazingira huko Marekani walichoka na ubao kama mpwa wangu alivyochoka. Joseph Cornell alichapisha mwaka 1979 kitabu cha michezo ya kuwakutanisha watoto na maumbile. Mmojawapo ni ule wa kusimama duara na kupitishiana uzi, huyu mti, yule ndege, huyu mdudu, hadi wote wanakuwa ndani ya utando mmoja, kisha mmoja anavuta na kila aliyeguswa anasikia. Tangu mwaka 1983 mpango wa Project WILD ukasambaza kwa walimu michezo ya kukimbizana ambamo watoto ni paa, maji, malisho na makazi. Michezo hii imesambaa duniani, na mpwa wangu aliipata kwenye semina. Aliniambia kwa heshima kubwa kwamba ni mbinu mpya kutoka nje.

Hapo nilimkatalia, na ninaendelea kumkatalia. Kanuni ya kumi kwa moja, sawa, ni ya kuazima. Lakini kumfundisha mtoto nani anamla nani kwa kumfanya akimbie, hilo halikuletwa na semina.

Nani kati ya wasomaji wa Tanzania hajawahi kucheza nyama nyama nyama? Kiongozi anataja mnyama, na ikiwa nyama yake inaliwa watoto wanaruka na kuitikia "Nyama!" Akitaja mnyama asiyeliwa, aliyeruka ametoka. Mtoto wa miaka mitano anajikuta anapanga wanyama wote anaowafahamu katika makundi, na zaidi ya hapo anajifunza kwamba makundi hayo hutofautiana nyumba kwa nyumba: kwetu wapo walioruka kwa nguruwe na wapo waliotulia kimya, na ubishi uliofuata ulikuwa darasa la jamii lisilo na mwalimu. Nani hajacheza paka na panya, duara likimfungulia panya na kumzibia paka? Au mwewe na vifaranga, ambapo mama kuku ananyoosha mikono na nyuma yake mstari wa watoto unayumba kama mkia, mwewe akimtaka wa mwisho? Katika mchezo huo kila mtoto anajua bila kufundishwa kwamba wa mwisho ndiye dhaifu na kwamba mwewe hamtaki aliye mbele.

Otto Raum, aliyekulia na kufundisha miongoni mwa Wachaga, alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu utoto wa Kichaga, na michezo imo ndani yake. Aliwaandikia wasomaji ambao wengi wao waliamini kwamba elimu Afrika ilianza siku kengele ya misheni ilipogongwa. Nimesoma vitabu vingi vya aina hiyo vilivyoandikwa kwa dharau; hiki kina kasoro za wakati wake, lakini mwandishi alikuwa na macho.

Usukumani, mchezo na kazi vilikaribiana kiasi kwamba si rahisi kuvitenganisha. Mtoto aliyepelekwa machungani alijifunza kwa miguu yake. Alijua majani gani ng'ombe huyakimbilia baada ya mvua za kwanza na yapi huyapita. Alijua ndege gani hupanda mgongoni kula kupe. Alimjua fisi kwa nyayo. Na watu wazima walikuwa na vyama vya ngoma ambavyo vilikuwa pia vyama vya ujuzi. Bayeye walishughulika na nyoka, sumu yao na dawa zake. Bununguli kilikuwa chama cha wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba usiku na kulala mchana katika mashimo marefu. Mwindaji aliingia shimoni kwa tumbo, na baadaye wote wakaja kucheza na kuimba. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson ameandika kwa kirefu juu ya nyimbo za vyama hivi. Mtu anaweza kuziona kama burudani za kijijini. Mimi naona zao la shamba, mnyama anayelila, mtu anayemla mnyama, na ngoma inayomkumbusha kijana mpangilio huo wote. Huo ni mnyororo wa chakula, na mtu yumo.

Nirudi sasa kwa binti na ng'ombe wake, kwa sababu jibu la "hawamo" si kosa la mpwa wangu. Jibu hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ulioingia barani kupitia Pembe ya Afrika, ulifika katika nchi zetu. Uliua ng'ombe kwa kiwango ambacho ni vigumu kukiwazia, na pamoja nao nyati na nyumbu. Wafugaji walibaki na zizi tupu, njaa na ndui vikafuata, na watu wakahama au wakafa. Kisha likaja jambo ambalo halikuonekana mara moja. Ng'ombe walikuwa wakila majani na machipukizi. Watu walikuwa wakikata vichaka na kuchoma moto kwa wakati wake. Vilipokosekana hivyo viwili, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakarudi wanyamapori waliopona, na nyuma yao mbung'o wanaonyonya damu yao. Mbung'o wakaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa katika wilaya ya Maswa, ambayo wakati huo ilijumuisha pia nchi ya Bariadi, na serikali ya Waingereza ikaanza kuwahamisha watu na kuwakusanya mahali pamoja. Ardhi waliyoiacha ikazidi kuwa pori.

Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977, na kabla yake John Ford alikuwa amelichambua kwa upande wa mbung'o mwaka 1971. Wapo wanaosema Kjekshus aliichora Afrika ya kabla ya ukoloni kuwa njema kupita kiasi, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Lakini hoja ya msingi imesimama: sehemu ya pori ambalo wageni walilikuta na kuliita la asili lilikuwa pori jipya, lililoota juu ya mazizi.

Wakoloni wenyewe walijua kufikiri kwa minyororo. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika na baadaye akaongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alitambua kwamba huwezi kumfuata mbung'o mmoja mmoja. Unavunja kivuli chake au unaondoa chakula chake. Kuvunja kivuli kulifanywa na maelfu ya Wasukuma, walioitwa na watemi wao kwenda kufyeka vichaka kwa mikono. Kuondoa chakula kulifanyika miaka ya 1940, pale maelfu ya wanyamapori walipopigwa risasi Shinyanga katika jaribio la kuona kama mbung'o wangetoweka. Kwa hiyo serikali ile ile ilikuwa na idara iliyoua wanyama kwa ajili ya ng'ombe, na muda mfupi baadaye, mwaka 1951, ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa ajili ya wanyama. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa ndani ya hifadhi na kupewa Ngorongoro. Upande wetu wa magharibi watu wa Ikoma, Wasukuma na wengineo walijikuta wakiitwa wavamizi au majangili katika mapori waliyowinda babu zao. Mwaka huo huo filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael iliupa ulimwengu picha ya Serengeti kama nchi ambayo uhai wake unategemea kutokuwepo kwa mtu. Michael alikufa kwa ajali ya ndege humo mwezi Januari, na hilo liliipa picha hiyo uzito wa kaburi.

Mchoro wa darasani, ule wa majani, swala na simba, ni mdogo wake filamu hiyo. Hauna mtu, na hauna ng'ombe.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, jambo ambalo binti yule alistahili kuambiwa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Nini kilitokea? Walinzi wa hifadhi walikuwepo, na mvua za kiangazi zilisaidia miaka ya 1970, lakini chanzo kikuu ambacho watafiti kama Anthony Sinclair walikitambua kilikuwa nje ya hifadhi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka. Ilikuwa imedhaniwa kwamba wanyamapori ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Chanjo ilipoenea kwa ng'ombe, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu ndani ya miaka michache, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Ng'ombe ndio waliokuwa ghala la ugonjwa. Ndama wa nyumbu, waliokuwa wakifa kila mwaka, wakaanza kuishi.

Haikuishia hapo. Nyumbu walipoongezeka, simba na fisi waliongezeka. Nyumbu walikula majani mengi, yakabaki machache ya kuungua wakati wa kiangazi, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Mti unaoonekana leo katika baadhi ya maeneo ya Serengeti una deni kwa mfugaji aliyemkamata ng'ombe wake pembe ili achomwe sindano. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa kwanza wa mifugo kufikia hatua hiyo. Sijaona kitabu cha shule ya msingi kinachomwambia mtoto wa Simiyu kwamba ng'ombe wa babu yake walikuwa ndani ya mnyororo wa Serengeti kiasi hiki. Anachoambiwa ni kwamba ng'ombe akivuka mpaka atakamatwa, na hilo ni kweli pia.

Kuna aliyesema kwamba mambo haya ni mazito kwa watoto wa miaka kumi. Huyo hajakaa nao. Watoto wa Mkula wanaishi kati ya hifadhi na ziwa, na upande wa ziwa wanajua mengi. Waulize mabondo ni nini, watakwambia ni mfuko wa hewa wa sangara unaouzwa ghali hadi Uchina. Waulize mapanki, watakwambia ni mifupa inayobaki minofu ikishakwenda viwandani. Wasichojua, kwa sababu wazazi wao wengi hawakukionja, ni furu. Kabla ya sangara kupandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, ziwa lilikuwa na aina zipatazo mia tano za samaki hawa wadogo: wala matope, wala konokono, wala mayai ya wenzao. Timu ya watafiti kutoka Leiden, iliyofika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza, ilijikuta ndani ya miaka kumi ikiandika tanzia. Sangara alilipuka, na inakadiriwa aina mia mbili hivi zilitoweka. Sangara naye, chakula kilipokwisha, akageukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Lakini wavuvi walipata fedha ambazo furu hawakuwahi kuwapa, viwanda vikajengwa, na nyumba za bati zikasimama. Mchezo wa kweli wa ziwa hili hauwezi kuchezwa bila watoto wawili kuwa kiwanda na ndege ya mizigo.

Nigusie kwa ufupi shule ilivyofikia mahali hapa. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mtoto ajifunze kwa kutenda, na shamba la shule lilikuwa ndilo darasa. Kwa vitendo, shamba mara nyingi likawa kazi na adhabu, na ubao ukabaki kuwa elimu. Mimi mwenyewe nililima mahindi ya shule miaka saba na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini viwavi huwa wengi mwaka ambao ndege ni wachache. Mwaka 1980 vilianzishwa vilabu vya Malihai, kwa mfano unaofanana na ule wa vilabu vya Kenya vya mwaka 1968, navyo vimewapeleka watoto wengi hifadhini ambao wasingefika kamwe. Ni kazi njema. Ila ujumbe wake mara nyingi umekuwa wa upande mmoja: mnyama ni urithi, mlinde. Mtoto ambaye shamba la mama yake limekanyagwa na tembo usiku anausikia ujumbe huo kwa masikio mengine. Anajua kwamba kipo kifuta jasho, na kanuni zake za mwaka 2011 zipo. Anajua pia muda ambao mama yake amekisubiri. Mtihani nao haumsaidii. Swali linamtaka apange viumbe vinne kwa mshale, na jibu sahihi ni moja.

Mchezo una uwezo ambao mshale hauna, ndiyo maana unanisumbua pale unapochezwa nusu. Mchezo unaingia mwilini. Simba aliyekosa vizibo hatasahau. Lakini kwa nguvu ile ile, mtoto aliyeambiwa ng'ombe wake hawamo naye hatasahau. Katika michezo ile ya Marekani upo mmoja ambamo panzi wanaokota chakula, na baadhi ya chakula kina rangi ya sumu bila wao kujua. Panya wanawala panzi, mwewe anawala panya, na mwisho wa mchezo mwewe anakufa kwa sumu ambayo hakuiokota. Mchezo huo ungefaa sana Simiyu, mkoa wa pamba, ambako kwa miaka mingi mashamba ya nchi hii ya magharibi yalinyunyiziwa DDT na baadaye endosulfani, na ambako hadi leo nimeona pampu ya dawa ikioshwa pale ng'ombe wanaponywea. Nilimtajia mpwa wangu. Akaniuliza, "Mjomba, mwisho wa mnyororo huo nimweke mwewe au nimweke mtu?" Nilifurahi kwamba ameuliza yeye.

Usiku ule tulikaa nje hadi taa ya jirani ikazimwa. Nilimsimulia habari za sotoka na sindano. Alibisha kidogo, kama mwalimu mzuri anavyopaswa kubisha. Alitaka kujua imejulikanaje kwamba si mvua peke yake. Nikamweleza kwamba punda milia, ambao hawapati sotoka, hawakuongezeka kwa namna ile. Akanyamaza, kisha akasema vizibo mia tano havitatosha.

Asubuhi ya pili mchezo uligawanyika uwanja mzima. Upande mmoja nyumbu na simba, upande mwingine ng'ombe kumi na wachungaji wawili, na katikati mstari uliochorwa kwa mti ambao hakuna aliyeuheshimu. Watoto watatu walikuwa sotoka. Walifungwa vitambaa mkononi, na waliruhusiwa kumgusa ng'ombe kwanza, na kupitia ng'ombe kumgusa nyumbu. Raundi ya kwanza nyumbu waliisha mapema na simba wakaketi chini kwa hasira. Majani yalibaki tele. Mwalimu akawasha moto wa maneno tu, akayachota majani yote kwa fagio, na miche ya miti, iliyowakilishwa na wasichana wanne waliochuchumaa, ikaambiwa haikui.

Raundi ya pili alihitajika mtu mmoja wa kuchanja. Mikono mingi ilinyooshwa. Alimchagua binti wa jana, ambaye hakuwa amenyoosha. Akaokota bua kavu la pamba, akalishika kama bomba la sindano, na filimbi ilipolia alikuwa tayari amewafikia ng'ombe wa kwanza, akiwachoma begani mmoja baada ya mwingine bila haraka, huku mchungaji akimshikia. Nyuma yake nyumbu walikuwa wakikimbilia vizibo. Ng'ombe mmoja, mvulana mnene wa dawati la mbele, alikuwa akilalamika kwa sauti kwamba yeye amechomwa mara mbili.